Reli ya Kwenda Banissa

Treni haijawahi kufika Garissa. Tangu nikiwa shule ya msingi nimesikia kwamba reli itapita, kwamba watu wa vipimo wameonekana nje ya mji wakipigilia vigingi vyekundu, na kila mara vigingi hivyo huishia kuwa kuni au vya kufungia ndama. Treni pekee niliyoiona katika mji huu ni ya Abdille, ambaye wote tulimwita Adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima. Ilipita kwenye mbao zilizozunguka kuta za chumba cha nyuma, nyumbani kwake mtaa wa Galbet. Ilianzia mlangoni, na ilikuwa imekusudiwa kuishia miguuni mwa kitanda cha mke wake.

Mke huyo, Nafiso, alikuwa mdogo wa mama yangu, kwa hiyo nilimwita habaryar. Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi bila kazi. Mama akaniambia nikakae nao, kwa sababu Mungu hakuwajalia watoto na figo za habaryar zilikuwa zimeshindwa. Siku za mashine nilimsindikiza hospitali, nikakaa kando yake na kitabu huku damu yake ikitoka, ikisafishwa na kurudi. Siku nyingine alilala chumba cha nyuma, kwa kuwa ndicho chenye upepo. Hivyo mimi, habaryar na reli tuliishi chumba kimoja.

Abdille alikuwa mtu wa reli kweli. Alipokuwa kijana alipeleka ng'ombe wa baba yake Voi ili wapakiwe kwenye mabehewa ya kwenda Mombasa. Ng'ombe wakaondoka, yeye akabaki stesheni akitazama upande walikoelekea. Akaomba kazi ya kufagia, na miaka ilipopita akawa pointiman, yule anayevuta wenzo wa chuma reli ikahama, treni hii ikaingia hapa na ile ikapita pale. Treni zilipopungua aliambiwa aende nyumbani. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio na kuchaji simu. Nyumbani tulizungumza Kisomali, lakini maneno ya reli aliyasema kwa Kiswahili siku zote, kwa sababu aliyajifunza Voi. Habaryar alikuwa akimcheka kwamba ana mke wa pili anayeitwa Stesheni.

Ile treni ndogo aliipata soko la kambi ya wakimbizi ya Hagadera, alikokwenda kutafuta betri za sola. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika, Aweys, alikuwa na boksi lililoachwa na familia ya mtu wa shirika aliyekuwa akihama. Ndani mlikuwa na injini ya kijani yenye urefu wa kiganja, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kuunga mviringo.

"Gari la watoto hilo, Adeer," Aweys alimwambia. "Linazunguka, linazunguka, mpaka mtoto anachoka."

Abdille aliponisimulia jambo hilo bado alikuwa na hasira. "Treni haizunguki, Kowsar. Treni inatoka mahali, inakwenda mahali."

Mahali penyewe habaryar ndiye aliyepataja. Alizaliwa upande wa Banissa, kaskazini kabisa, karibu na mpaka, akachunga mbuzi na ngamia wa mama yake hadi alipoolewa. Alipoanza mashine daktari alimwambia asikae mbali nayo, na Banissa ni mbali kuliko mashine inavyoruhusu. Jioni akasema, bila kumtazama mtu, "Basi kisima cha mama sitakiona tena."

Abdille alikuwa anakaza skrubu ya redio. Akajibu, "Utakiona. Reli itafika Banissa."

Ndivyo ilivyoanza. Alikata mbao akazipanga ukutani, moja baada ya nyingine: Garissa, Modogashe, Wajir, Takaba, na ya mwisho Banissa, juu ya miguu ya kitanda. Reli za boksi hazikutosha, akatumia spoki za baiskeli, akazigandisha kwa gundi juu ya vijiti vilivyopasuliwa kutoka kwenye masanduku ya matunda. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki. Ardhi aliitengeneza kwa karatasi iliyolowekwa, akaifunika kwa mchanga wa kweli aliouchekecha kwa chujio la chai hadi habaryar akamnunia. Mto Tana ulikuwa gundi iliyotiwa majani ya chai ukapata ile rangi yake ya tope. Miti ilikuwa vijitawi vya migunga, na majani yake yalikuwa maganda ya mgunga yaliyosagwa na nyasi kavu. Wajir aliipaka chokaa, ikawa nyeupe kama ilivyo.

Habaryar alisimamia kutoka kitandani. "Waryaa Abdille, huo ni mlima au nundu ya ng'ombe?"

"Ni mlima."

"Mlima wa Takaba uko upande wa kushoto kwa mtu anayekwenda kwetu. Unataka watu wapotee?"

Aliung'oa akauhamisha.

"Mungu aliumba dunia kwa siku sita," habaryar akaniambia kwa sauti ya kusikika, "na mjomba wa reli huyu kilima kimoja kinamshinda tangu Ramadhani. Astaghfirullah."

Majirani walikuja kutazama. Korane, jirani wa ukuta kwa ukuta anayefuga mbuzi wanaozurura Galbet nzima wakila maboksi, alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Treni inaondoka saa ngapi? Nina mbuzi wa kupeleka Mandera."

"Mbuzi hawapandi behewa la abiria," Abdille alimjibu bila kucheka. Wengine walicheka kwa niaba yake.

Kwa sababu katika treni hakuwa na mzaha. Hakuruhusu injini iruke kama ya watoto. Iliondoka polepole mno, hata ilibidi uangalie gurudumu moja ujue kwamba imeanza. Ilipokaribia stesheni ilipunguza mwendo kutoka mbali. Ilisubiri abiria wapande ingawa hapakuwa na abiria. Mara ya kwanza ilipofika Modogashe ilisimama muda mrefu, nikauliza kama imeharibika.

"Wanaswali adhuhuri," Abdille alisema.

Hapo ndipo nilipoisikia adhana kutoka msikiti wa Galbet. Naye akatoka kwenda kuswali, injini ikabaki Modogashe na taa yake, hadi aliporudi. Na jambo moja zaidi hakulikubali kamwe: treni ikikwama haikuinuliwa na kuwekwa mbele. Alitafuta waya uliolegea, hata kama ingechukua asubuhi nzima. "Voi nilimwona nani akiinua treni?" aliniuliza siku moja niliponyoosha kidole kuisukuma.

Ubao wa Takaba ulipokamilika alimletea habaryar pete aliyoikunja kwa waya wa shaba. Akamweleza, na mimi nikisikia, kanuni ya zamani ya njia moja. Kati ya stesheni mbili kuna pete moja tu. Treni haiondoki mpaka dereva akabidhiwe pete. Akifika, anaiacha huko alikofika, na kuanzia hapo anayeweza kuondoka ni aliye upande ule tu. Kwa njia hiyo treni mbili hazikutani katikati.

"Hii ni ya Takaba kwenda Banissa," alisema. "Wewe ndiye mwenye sehemu hiyo. Bila wewe kunipa, treni haitoki Takaba."

Habaryar aliivaa kidole cha katikati. "Ulinioa bila pete," alisema. "Leo umekumbuka."

Ubao wa Banissa ndio uliochukua muda kuliko yote, kwa sababu ndio habaryar alioujua kila jiwe. Abdille alijenga aqal, ile nyumba ya wahamaji ya vijiti na mikeka, ikainama upande mmoja. Habaryar alicheka mpaka akakohoa. Kwetu aqal hujengwa na wanawake, na mwanamume aliyeijenga hakuna anayemlaumu ikianguka. Habaryar akaomba vibanio vyake vya nywele, akavikunja vikawa mbavu za nyumba, akafuma mikeka kwa nyuzi za ufagio na nyasi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alifuma kidogo, akalala, akafuma tena. Ilipokwisha ilikuwa na ukubwa wa kikombe cha kahawa kilichopinduliwa, na imesimama sawasawa.

Kisha wakagombana juu ya ngamia.

Abdille alikuwa amekataa tangu mwanzo kutengeneza kiumbe chochote chenye roho. Kuchonga sanamu ya kiumbe alikuogopa, na alisema hataki kuambiwa siku ya kiyama ampulizie uhai ngamia wa udongo. Kwa hiyo stesheni zake zote zilikuwa tupu. Njia ya treni kutoka Garissa hadi mwisho wa nchi, na hapakuwa na mtu wala mbuzi. Kwenye stesheni habaryar hakujali. Kwenye kisima alikataa.

"Kisima bila wanyama ni shimo tu," alisema.

"Nafiso, nimekwambia siwezi."

"Nani amekwambia uchonge? Tulipokuwa watoto tulichunga mawe. Meupe madogo ni mbuzi, ya kahawia marefu ni ngamia. Tulikuwa na majina yao. Jiwe si sanamu."

Abdille alifikiri. Jiwe si sanamu. Nilimwona usoni akifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nikasema nitaokota mawe nyuma ya nyumba, yako mengi.

"Ya hapa?" alishtuka. "Kowsar, haya ni mawe ya Galbet. Treni ya kweli haifiki mahali pa uongo. Yatatoka kwenye kisima chenyewe."

Akampigia simu Mustafe, mpwa wa habaryar, anayepeleka bidhaa huko kwa lori. Mustafe aliahidi kupita kisimani na kuleta kopo la mawe. Kisha mvua zikanyesha. Mabonde yakajaa, barabara ikakatika, malori yakalala njiani, na kila nilipompigia nilisikia sauti ya kike ikisema hapatikani.

Reli yenyewe ilikuwa tayari. Mwisho wa reli ulikuwa kwenye kisima, karibu na vidole vya miguu ya habaryar chini ya shuka. Injini ilisimama Takaba ikisubiri. Habaryar alikuwa amepungua. Siku za mashine sasa alirudi akiwa kijivu, akala tende moja, akalala na macho wazi.

Alasiri moja aliinua mkono wenye pete.

"Abdille. Chukua. Nipeleke leo."

Abdille alikuwa ameinama chini ya ubao akipima umeme. Alitoka akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mawe hayajafika."

"Nipeleke hivyo hivyo. Wanyama wako malishoni. Tutawakuta jioni."

"Nimekuahidi kisima, sikukuahidi shimo. Mustafe amesema maji yanashuka. Siku chache tu, Nafiso."

"Wewe na treni yako," alisema, lakini kwa upole, na mkono akaurudisha kifuani. Nilitaka kusema kitu. Mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wakubwa, na sioni pia kama Abdille angenisikia. Alikuwa anampenda, na ndiyo sababu alikataa. Alitaka afike mahali penyewe.

Habaryar alifariki asubuhi, baada ya alfajiri, siku ambayo haikuwa ya mashine. Alikuwa ameomba maji, na niliporudi na kikombe Abdille alikuwa amemshika kichwa akimsomea shahada.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Kabla jua halijapanda nyumba ilishajaa. Wanaume waliketi chini ya turubai barabarani, na wanawake waliingia ndani, na ndani hapakuwa na nafasi. Mtu, hata sasa sijui ni nani, alisema mbao zile zitolewe chumba cha nyuma ili wanawake wapate pa kuketi. Niliwahi kuiweka injini na mabehewa kabatini. Mbao zilibebwa nje juu juu, na wenye kuzibeba walikuwa wakilia, zikaegemezwa na kulazwa kando ya ukuta wa Korane.

Waliomwosha walikuwa rafiki zake. Sahro, mkubwa wao, alitoka akaniita pembeni. Mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Hii ilikataa kutoka," alisema. "Vidole vilivimba. Imebidi sabuni." Akanipa pete ya waya, imefungwa kwenye kipande cha pamba. "Ni ya nini? Si dhahabu."

"Ni ya reli," nilisema, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Alizikwa kabla ya alasiri. Abdille aliporudi makaburini na vumbi kwenye kanzu, hakuingia chini ya turubai. Alizunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata kwa sababu nilikumbuka mbao.

Mbuzi wa Korane walikuwa hapo. Walikuwa wamekula migunga yote kutoka Garissa hadi Takaba, wakalamba chumvi ya gundi kwenye mto, na beberu mmoja mweupe alikuwa amesimama kwa miguu ya mbele juu ya Wajir. Kwenye ubao wa Banissa walikuwa wamekula mikeka ya aqal. Vibanio vilibaki vimesimama, mbavu tupu, kama nyumba ya watu waliokwisha kushusha mikeka ili wahame.

Korane alikuja mbio, akawafukuza kwa kiatu, akarudi na kiatu mkononi. "Adeer, wallahi sikujua. Nitawafunga. Nitamchinja yule mweupe kwa ajili ya wageni. Nisamehe."

"Waache," Abdille alisema. "Ulitaka kuwapeleka Mandera." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na Korane, ambaye kwa mwaka mzima alirudia mzaha huo mlangoni petu, alifunika uso kwa kilemba akalia.

Matanga yalipokwisha na mikeka ya wageni ikakunjwa, nilizirudisha mbao ukutani pamoja na Abdille. Alifuta alama za ulimi na kwato kwa kitambaa. Spoki zilikuwa zimepinda mahali pawili, akazinyoosha. Miti hakuipanda tena. Kitanda tulikuwa tumekitoa, ubao wa Banissa ukabaki ukining'inia juu ya sakafu tupu.

Siku hiyohiyo Mustafe akafika. Hakuwa amesikia. Aliingia uani akiwa na tope hadi magotini, akitabasamu, ameshika kopo la maziwa ya unga. "Habaryar yuko wapi? Mwambieni nimeleta mifugo yake yote, hata mmoja hajafa njiani."

Alitazama nyuso zetu, kisha akaliweka kopo chini taratibu kana kwamba lilikuwa na maziwa.

Abdille alilipeleka chumbani. Akayamwaga mawe juu ya kitambaa. Yalikuwa hivyo alivyosema habaryar, meupe madogo na ya kahawia marefu, yakiwa bado na vumbi jekundu la kwao. Akaanza kuyapanga kuzunguka kisima. Akasimama.

"Kowsar. Alisema ngamia wanakunywa upande gani? Upande wa aqal au upande wa mlima?"

"Hakuniambia, Adeer."

"Na majina? Alisema walikuwa na majina."

"Hakuyataja."

Aliligeuza jiwe lililokuwa mkononi. Kisha akaliweka popote, na yaliyobaki akayaweka popote, kama mtu anayepanga vyombo katika nyumba ambayo wenyewe hawapo.

"Pete unayo?"

Nikampa, pamoja na ile pamba. Nilifungua kabati nikatoa injini na mabehewa nikaviweka Takaba, vilipokuwa. Nikaunganisha betri. Taa ndogo ikawaka. Nilidhani sasa itakwenda. Nilidhani angalau tutaiona ikifika.

Abdille hakuigusa swichi. Alitembea hadi kwenye ubao wa mwisho, akapigilia msumari mdogo kwenye nguzo ya kisima, akaitundika pete.

"Adeer, treni bado iko Takaba."

"Pete iko Banissa," alisema. "Ikiwa Banissa, maana yake aliyekuwa nayo amefika."

"Kwa hiyo sisi?"

"Sisi tuko upande huu. Hakuna anayeondoka upande huu mpaka pete irudi." Aliinama akapuliza vumbi kwenye reli. "Ingekuwa mkononi mwangu, Kowsar. Alininyooshea, nikasema mawe hayajafika."

Nilichomoa waya wa betri, taa ya Takaba ikazimika.

Bado anaendesha treni, jioni nyingi, akishafunga kibanda. Inaondoka Garissa polepole, inapita kando ya Tana, inasubiri swala Modogashe, inapita Wajir nyeupe yenye alama ya kwato aliyokataa kuiziba. Korane huja akaketi mlangoni kimya. Ikifika Takaba inasimama. Mbele yake njia iko wazi, spoki zinang'aa, na kule mwisho yako mawe, mbavu za nyumba, na kitu kidogo cha shaba kwenye msumari. Abdille huiacha isimame hapo na taa yake kwa muda ule ambao treni yoyote ingesubiri ruhusa. Kisha anairudisha nyuma, polepole, hadi Garissa.